Paul Galvin: Aliyeiingiza redio ndani ya gari

Mafundi wanaofufua magari ya kale huko Marekani wanajua jambo moja kuhusu redio za miaka ya 1930. Ndani ya redio kuna valvu, waya na spika, na hivyo vyote vinaweza kutafutwa na kubadilishwa. Kinachowatesa ni uso wake: kile kidirisha kidogo chenye namba za masafa na mshale unaotembea juu yake. Rangi imefifia, plastiki imegeuka manjano, na namba zinatoka ukizigusa tu kwa kitambaa kibichi.

Nyuma ya vidirisha vingi vya aina hiyo kuna kazi ya mtu mmoja, Paul Galvin. Katika makala haya tunawaletea maisha yake, kwa sababu mengi anayoyaona msikilizaji wa leo akiwa ndani ya basi au daladala yalipita mikononi mwake.

Muuza bisi wa kituo cha treni

Paul Galvin alizaliwa Juni 29, 1895 katika mji mdogo wa Harvard, jimbo la Illinois. Mji huo usichanganywe na chuo kikuu maarufu chenye jina hilo, ambacho kiko mbali sana na hapo. Akiwa mtoto aliuza bisi kwa abiria wa treni zilizosimama mjini kwao. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Illinois, akasoma miaka miwili akaacha, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia akawa ofisa wa mizinga katika jeshi la Marekani.

Aliporudi alijiingiza katika biashara ya betri. Mwaka 1921 yeye na rafiki yake Edward Stewart walifungua kiwanda cha betri Marshfield, jimbo la Wisconsin. Kilikufa mwaka 1923. Inasimuliwa kwamba siku kilipofungwa kwa ajili ya madeni, Galvin alikuwa ametoka kwenda kula, na aliporudi hakuruhusiwa hata kuingia kuchukua koti lake.

Wawili hao walijaribu tena Chicago, na biashara hiyo nayo ikafilisika. Kufikia mwaka 1928 Galvin alikuwa na umri wa miaka 33, ana mke na mtoto, na ameanguka mara mbili.

Dola 750 kwenye mnada

Wakati huo redio nyingi za nyumbani zilitumia betri. Kila anayesikiliza redio mahali pasipo na umeme anaijua adha hiyo: taarifa ya habari inaanza, sauti inafifia, betri zimekwisha. Kampuni iliyofilisika ilikuwa ikitengeneza kifaa kinachofanana na adapta ya leo, kilichoiwezesha redio ya betri kutumia umeme wa nyumbani. Mali ilipopigwa mnada, Galvin alikwenda mwenyewe na kuinunua sehemu hiyo ya biashara kwa dola 750.

Septemba 25, 1928, yeye na mdogo wake Joseph walianzisha Galvin Manufacturing Corporation mjini Chicago. Walikuwa na wafanyakazi watano na mtaji wa dola 565.

Lakini redio mpya zilikuwa zimeanza kutengenezwa za kuchomeka moja kwa moja kwenye umeme, kwa hiyo adapta zake hazikuwa na maisha marefu. Kisha Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka na mdororo mkuu wa uchumi ukaanza. Galvin alihitaji bidhaa nyingine haraka, la sivyo angeanguka mara ya tatu.

Redio kwenye barabara ya vumbi

Kulikuwa na mafundi waliokuwa wakifunga redio ndani ya magari, moja moja na kwa bei kubwa. Galvin aliona kwamba kama ingetengenezwa kiwandani, watu wangeinunua. Aliwapa kazi hiyo wahandisi wake, wakisaidiwa na William Lear na kijana Elmer Wavering.

Matatizo yalikuwa mengi. Plagi za injini zilitoa cheche zilizoingia redioni kama mkwaruzo. Mitikisiko ya barabara mbovu ililegeza viungo. Kulikuwa na betri za ziada za kufichwa chini ya sakafu ya gari na antena ya kupitishwa darini, hivi kwamba kufunga redio moja kulihitaji kulifumua gari. Inasimuliwa pia kwamba Galvin alimfungia redio mwenye benki aliyemwomba mkopo, na gari hilo likashika moto muda mfupi baadaye.

Juni 1930 watengenezaji wa redio walikutana Atlantic City. Galvin hakuwa na fedha za kulipia meza ya maonyesho. Alifunga redio kwenye gari lake la Studebaker, akaendesha kutoka Chicago hadi huko, akaegesha nje ya mkutano na kufungulia sauti ili wapita njia wasikie. Oda zikaanza kuja. Redio hiyo, 5T71, iliuzwa kati ya dola 110 na 130, wakati ambapo gari jipya la Ford lilipatikana kwa chini ya dola 700. Akaiita Motorola: nusu ya kwanza ni mota, yaani gari, na nusu ya pili ni mwisho uliokuwa ukitumika katika majina ya vinanda na santuri.

Uso wa redio na namna ya kuuokoa

Sanduku la redio za gari za wakati ule lilikuwa kubwa, likafichwa chini ya dashibodi. Dereva alifungiwa kidude kidogo kwenye mhimili wa usukani, chenye vitufe na kidirisha, na waya mnene unaozunguka uliunganisha kidude hicho na sanduku. Namba nyingi zilianzia 55 hadi 150. Ukiongeza sifuri moja unapata kilohezi 550 hadi 1500, masafa ya AM ya Marekani wakati huo.

Joto la taa ndogo ya nyuma na jua la miaka mingi ndivyo vinavyokiharibu kidirisha. Fundi mwangalifu huanza kwa kukipiga picha na kukipima. Huondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, na hapeleki maji wala spiriti kwenye upande uliochapishwa namba. Zikiwa zimefutika, huzichora upya kwa kompyuta kutokana na picha, akazichapa kwenye karatasi angavu na kuibandika nyuma, huku kipande cha asili akikihifadhi. Taa mpya iwe ya volti ileile na isiyo na joto kali. Mwisho hutafuta kituo anachokijua masafa yake, na kuusogeza mshale ukae juu ya namba hiyo.

Polisi, vita na simu

Mwaka 1936 kampuni ilitoa redio ya magari ya polisi iliyofungwa kwenye masafa ya polisi peke yake. Mwaka 1940 ikatoa redio ya mkononi ya kupokea na kutuma sauti, na mwaka 1943 ile ya kubebwa mgongoni, ambayo askari wa Marekani waliitumia katika Vita vya Pili vya Dunia.

Miaka hiyo ilimwachia pia jeraha. Mwaka 1942 mkewe, Lillian, aliuawa nyumbani kwao Evanston, karibu na Chicago. Galvin aliendelea na kazi. Mwaka 1947 kampuni ilichukua rasmi jina la Motorola, na mwaka huohuo ikaanza mpango wa kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida.

Mwanawe Robert alikabidhiwa urais wa kampuni mwaka 1956. Paul Galvin alifariki Novemba 5, 1959, akiwa na miaka 64. Miaka 14 baadaye, Aprili 1973, mhandisi wa kampuni hiyohiyo, Martin Cooper, alisimama barabarani New York na kupiga simu kwa kifaa cha mkononi kisicho na waya. Simu unayosomea makala haya ni ya ukoo huo.