Muhammad Kijuma: Fundi wa Lamu aliyeipa karatasi uhai

KATIKA miji ya pwani, kuanzia Raskazone jijini Tanga hadi Mombasa na Lamu, bado wapo watu wanaoketi jioni wakiwa na mkasi, gundi na kalamu za rangi, wakatengeneza kwa mikono yao kadi za Idi, za harusi na za kuzaliwa. Kazi hiyo huonekana kuwa ya kupitisha muda tu, na wako wanaodhani kuwa ni mchezo ulioletwa na wageni.

Historia ya Waswahili inasema vingine. Kuipamba karatasi kwa mkono ni sanaa kongwe katika mwambao huu, na miongoni mwa mafundi wake hakuna aliyeacha alama kubwa kama Muhammad bin Abubakar wa Lamu, aliyejulikana kwa jina la Kijuma au Kijumwa.

Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855 na kufariki dunia mwaka 1945. Katika umri huo wa karibu miaka 90 aliishi zama tatu. Alikulia chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar, akashuhudia Wajerumani na Waingereza wakigombea mwambao, kisha akazeekea chini ya utawala wa Kiingereza nchini Kenya. Kila zama ilikuja na mabwana wake, lakini yeye aliendelea na kalamu yake.

Si rahisi kumtaja kwa kazi moja. Alikuwa mshairi, mnakili wa tungo, mchonga milango, mtunzi wa nyimbo za ngoma na mpigaji wa kibangala, ala ya nyuzi iliyopendwa Lamu. Katika mji ambao mitaa yake ilishindana kwa ngoma na kwa maneno, mtu mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi hakukosa wa kumtafuta. Kwa upande wa mbao alitukuka kiasi kwamba mtindo mmojawapo wa nakshi za milango ya Lamu huitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, kilichomfanya ajulikane mbali na kisiwa chake si mlango. Ni karatasi.

Ili kuelewa kazi ya Kijuma, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Visiwa vya Lamu, Pate na mji wa Siyu vilikuwa na wanazuoni na waandishi wa mkono karne nyingi kabla ya mashine ya kuchapa kufika pwani. Siyu hasa ulisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa uangalifu mkubwa, ikapambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Karatasi yenyewe ilivuka bahari pamoja na bidhaa nyingine. Baadhi yake ilitoka katika viwanda vya Italia, ikiwa na alama ya maji inayoonekana pale tu ukurasa unapoinuliwa kwenye mwanga. Kitu kilichosafiri umbali huo hakikuandikwa ovyo.

Tungo za Kiswahili nazo ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na utendi ulikuwa na mpangilio wake. Ubeti una vipande vinne vyenye mizani minane kila kimoja. Mnakili aliulaza ubeti katika mstari, akaacha nafasi kati ya kipande na kipande, na nafasi hiyo akaijaza pambo dogo. Hivyo pambo halikuwekwa kwa ajili ya kupendeza peke yake. Lilimwambia msomaji mahali pa kupumua na mahali ambapo kina kinaangukia. Kwa mwenye kusoma mbele ya hadhara, lilikuwa sawa na mkono wa mwalimu unaomwongoza.

Huo ndio urithi aliokulia nao Kijuma. Aliupokea, kisha akauongezea vyake. Kurasa zake zinatambulika kwa hati kubwa iliyo wazi, kwa fremu zinazozunguka maandishi na kwa wino wa rangi. Aliupa ukurasa wa mwanzo hadhi yake, akaandika jina la utungo mahali pa kuonekana, na mwishoni akaacha jina lake na tarehe. Jicho la mchonga mbao linaonekana katika kalamu yake, kwani pembe za fremu na mapambo ya majani yanakumbusha nakshi za kizingiti cha mlango wa Lamu.

Liko jambo jingine ambalo mtazamaji wa haraka anaweza asilione. Hati za Kiarabu hazikuundwa kwa ajili ya Kiswahili. Herufi moja ilibebeshwa sauti kadhaa, hata ile ya b ikaweza kusomwa p au mb, na irabu tano za Kiswahili zikalazimika kubanana katika alama tatu. Mwenyeji aliyezijua tungo kwa moyo hakuona taabu. Mgeni alikwama. Katika nakala alizowaandikia wageni, Kijuma aliongeza alama za kutenganisha sauti hizo. Kwa kufanya hivyo aliwasaidia pia wasomaji wa baadaye, wakiwamo wajukuu wa watu wa pwani ambao hawazijui tena tungo hizo kwa moyo.

Wageni hao walianza kumfikia mwanzoni mwa karne ya 20. Miongoni mwao alikuwa Alice Werner, mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza aliyezuru Afrika Mashariki kati ya mwaka 1911 na 1913, na ambaye baadaye alifundisha Kiswahili mjini London. Werner alitafuta tungo za kale, na Lamu alimkuta mtu aliyezijua, aliyeweza kuzinakili na aliyefahamu nani mjini anazo nyingine sandukuni.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1913, ambapo Kijuma aliandika Utendi wa Fumo Liyongo, wenye beti zaidi ya 200. Kisa cha shujaa huyo wa mwambao kilikuwa kikisimuliwa kwa muda mrefu, na Askofu Edward Steere alikwisha kukichapisha kwa nathari huko nyuma mwaka 1870. Kijuma alikipa umbo la utendi. Tangu hapo Liyongo anayesomwa na wanafunzi wa fasihi, wa Tanzania na wa Kenya, kwa kiasi kikubwa ni yule aliyetoka katika kalamu yake: jitu lenye nguvu, lililofungwa gerezani likatoroka, na mwisho likasalitiwa na mwanawe wa kumzaa.

Katika miaka ya 1930 mteja wake mkubwa alikuwa William Hichens, Mwingereza aliyekuwa amerejea kwao na kuendelea na utafiti kwa njia ya barua. Bahasha zilivuka bahari kwenda na kurudi. Hichens aliomba tungo na maelezo, naye Kijuma, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, aliandika, akachora na kupeleka kwa posta. Mwaka 1934 Hichens na Werner walichapisha Utendi wa Mwana Kupona, wasia wa mwaka 1858 ambao mama wa Kiswahili alimwachia binti yake. Mwaka 1939 Hichens akatoa Al-Inkishafi. Vitabu hivyo vilipofika maktaba za dunia, majina yaliyokuwa juu ya jalada yalikuwa ya wahariri wa Ulaya. Mikono ya Lamu iliyowafikishia tungo za namna hiyo ilibaki ndani, katika shukrani.

Hapo ndipo Tanga inapoingia katika habari hii. Kuanzia mwaka 1933 hadi 1937 aliishi mjini humo mmisionari wa Kijerumani, Ernst Dammann, aliyekuwa pia mtaalamu wa lugha za Kiafrika. Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa mkonge, reli na bandari, wenye Wajerumani wengi waliorudi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ulikuwa pia mji uliozoea maandishi. Shule ya serikali ya Wajerumani ilianzishwa hapo katika miaka ya 1890, na gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapwa hapo hadi mwaka 1916. Dammann alitoka Tanga na kwenda Lamu pamoja na mkewe, Ruth, wakafanya kazi na Kijuma katika kukusanya tungo. Mwaka 1940 alichapisha nchini Ujerumani mkusanyiko mkubwa wa mashairi ya lahaja ya Kiamu.

Uhusiano huo hauwezi kutajwa bila kukumbuka zama zake. Dammann alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, chama kilichohubiri kwamba watu weusi ni duni. Mzee mweusi wa Lamu alikuwa mwalimu wake katika elimu ambayo Ulaya haikuwa nayo. Kurasa alizomwandikia zimebaki kuwa ushahidi dhidi ya mafundisho ya chama hicho.

Maisha ya Kijuma hayakuwa ya sifa tupu. Ukaribu wake na wamisionari ulimfikisha katika Ukristo, hata akajiandika kwa jina la Masihii. Katika mji ambao Uislamu ulikuwa ndio pumzi ya kila siku, hatua hiyo ilimgharimu. Mtu aliyezijua tungo za dini kuliko wengi wa rika lake alitazamwa kwa shaka na watu wake, ilhali kwa wageni alibaki kuwa mwenyeji wa kuulizwa maswali. Alisimama kizingitini, kama milango aliyoichonga, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Ipo pia lawama ya kuwauzia wageni urithi wa mji. Ni kweli kwamba unakili ulikuwa riziki yake na kwamba alilipwa. Lakini lawama hiyo inasahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kijuma aliuza nakala, tena nakala alizozitolea jasho. Unakili ulikuwa kazi ya fundi, na fundi hulipwa. La pili ni kwamba karatasi katika hali ya hewa ya pwani haina maisha marefu. Unyevu, chumvi na mchwa havichagui kati ya hati ya mkopo na utendi wa kale. Miswada mingi iliyobaki masandukuni, ikisubiri mrithi wa kuijali, ilimalizika kimya kimya.

Pamoja na hayo, swali la haki halijafutika. Leo sehemu kubwa ya kazi za Kijuma imehifadhiwa London, katika chuo alichofundisha Werner, na nchini Ujerumani. Zimetunzwa vizuri. Lakini kijana wa Lamu au wa Tanga anayetaka kuuona ukurasa wenyewe, wino wake na rangi zake, ana safari ndefu kuliko mtafiti wa Ulaya. Mwaka 2010 wataalamu wawili, Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, walichapisha nchini Ujerumani kitabu kikubwa kuhusu Kijuma na tungo zilizomo katika karatasi za Dammann. Kwa kitabu hicho jina lake lilipanda hatimaye juu ya jalada.

Lamu yenyewe iliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watalii huipiga picha milango yake, lakini wachache wanajua kwamba mkono uliochonga baadhi ya nakshi hizo ndio huo huo ulioipamba karatasi iliyoubeba utendi wa Liyongo hadi darasani.

Maisha ya Kijuma yana funzo kwa anayekaa leo na mkasi na gundi mezani kwake. Yeye hakutenganisha kupamba na kuhifadhi. Fremu, pambo na rangi viliufanya ukurasa upendwe, na kinachopendwa hutunzwa. Laiti angeziandika tungo zile haraka haraka kwenye vipande vya karatasi visivyo na mvuto, huenda nyingine zingetupwa na aliyezipokea.

Funzo la pili ni la jina. Kijuma alitia saini na tarehe katika kazi zake, jambo ambalo mafundi wengi wa mwambao hawakulifanya. Wachonga milango, wanakili wa misahafu na washona kofia walioijaza pwani hii uzuri wamelala makaburini bila kujulikana. Yeye anajulikana kwa sababu aliandika mwishoni mwa ukurasa nani ameufanya, wapi na lini.

Katika nyumba za kale za Tanga, Pangani na Lamu huenda bado yamo masanduku yenye barua za mababu, mashairi ya harusi na kadi zilizoandikwa kwa mkono. Kuyafungua, kuzikausha karatasi zilizopata unyevu na kuandika pembeni ni za nani na za mwaka gani ni kazi isiyohitaji shahada wala fedha nyingi. Kijuma alipofariki mwaka 1945 hakuacha mali ya kusimuliwa. Aliacha kurasa, na kwa kuwa aliziandika kwa subira na kuzitia jina, zinasomwa hadi leo.