Mfalme Ashoka na Mwamba wa Girnar



Katika maadhimisho haya nimeombwa niandike maisha ya mtu mashuhuri ambaye mfano wake utawafaa wote wapitao langoni mwetu, wawe Wahindu au wa dini nyingine. Nimemchagua Mfalme Ashoka. Hakuwa mtu asiye na doa, na ndiyo sababu maisha yake yanatufundisha.

Wazee wetu wengi walitoka Kathiawar, katika Gujarat, wakavuka bahari kwa majahazi hadi pwani hii. Huko, karibu na mji wa Junagadh, chini ya mlima Girnar ambao mahujaji huupanda hadi leo, upo mwamba mkubwa uliochongwa amri 14 za mfalme huyo. Marehemu bibi yangu aliupita mwamba ule akienda kuhiji, asijue hata herufi moja ya maandishi yake. Si ajabu, kwani kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuyasoma, hata wanazuoni, mpaka James Prinsep alipofumbua hati ile ya Brahmi mwaka 1837.

Ashoka alikuwa mwana wa Bindusara na mjukuu wa Chandragupta, mwasisi wa ukoo wa Maurya. Alishika ufalme yapata mwaka 268 KK, makao yake yakiwa Pataliputra, mji uitwao Patna siku hizi. Mamlaka yake yalianzia milima ya Afghanistan yakaenea karibu Bara Hindi lote, isipokuwa ncha ya kusini.

Katika mwaka wa nane wa utawala wake aliivamia Kalinga, nchi iliyokuwa pwani ya mashariki, katika Odisha ya leo. Akashinda. Kwa hesabu aliyoiandikisha mwenyewe, watu 100,000 waliuawa, 150,000 walichukuliwa mateka, na wengine wengi zaidi wakafa kwa madhila yaliyofuata. Wafalme wa kale walizoea kuchonga ushindi wao maweni ili wasifiwe. Huyu alichonga majuto yake.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Kalinga hakuirudishia uhuru wake. Katika amri ile ile ya majuto aliwaonya watu wa misituni kwamba nguvu za kuwaadhibu bado anazo. Tena katika Kalinga yenyewe amri hiyo haikuchongwa. Mahali pake ziliwekwa nyingine, zikiwaagiza maofisa wake wasimfunge mtu bila sababu na wawatendee raia wote kama watoto wa mfalme.

Tangu hapo alishika dharma, yaani njia ya wema na wajibu, kuwa msingi wa utawala. Alianzia jikoni kwake. Zamani wanyama wasiohesabika walichinjwa kila siku kwa ajili ya meza ya kifalme. Akapunguza hadi tausi wawili na paa mmoja, naye paa si kila siku, akaahidi kwamba hata hao wataachwa. Kando ya barabara alipanda mibanyani ya kuwapa kivuli watu na wanyama, akachimba visima, akaagiza mitishamba ya dawa ipelekwe na kupandwa mahali isipokuwapo. Alitaja viumbe wasiouawa: kasuku, popo, kobe, nungunungu, kindi na wengineo. Alikataza misitu isichomwe ovyo, na hata makapi yenye vijidudu hai yasitiwe moto.

Mwenyewe alifuata mafundisho ya Buddha, lakini aliwatunza Wabrahmani na Wajaini pia, na watawa wa Ajivika akawapa mapango ya Barabar. Aliwaonya watu kuwa anayeitukuza dini yake kwa kuzidharau za wenzake huidhuru ile ile anayodhani anaitetea.

Sasa nifikie jambo lililonigusa zaidi. Katika mwaka wa 27 wa utawala wake, akiwa mtu mzima aliyeona mengi, Ashoka alipima kazi yake kwenye nguzo ya mawe. Alikiri kwamba watu huongozwa kwa njia mbili, amri na ushawishi wa moyo, na kwamba amri zilikuwa zimefanya machache, bali ushawishi ulikuwa umefanya mengi. Aliyekiri hivyo alikuwa na majeshi, wakaguzi na magereza. Hata adhabu ya kifo hakuifuta. Waliohukumiwa aliwapa muhula wa siku 3 tu. Alijua mkono wa serikali unafika wapi, na wapi haufiki.

Alifariki yapata mwaka 232 KK, na haikupita miaka 50 ufalme wa Maurya ukaanguka. Lakini ziwa la Sudarshana pale Girnar, lililojengwa enzi za babu yake na kuongezewa mifereji enzi zake, lilidumu. Karne nne baadaye dhoruba ilipobomoa ukingo wake, mfalme Rudradaman aliukarabati kwa fedha za hazina yake bila kuwatoza raia, akaandika habari hiyo kwenye mwamba ule ule. Leo simba wa Ashoka ni nembo ya India, na gurudumu lake limo katika bendera ya nchi hiyo.

Nimalizie hapa nyumbani. Miaka michache iliyopita takataka zilikuwa zikitupwa chini ya mwarobaini ulio nje ya ukuta wetu. Mimi ndiye niliyependekeza kibao cha faini. Kibao kiliwekwa, na takataka zikakifunika. Ndipo akina mama wa hekalu na wa majirani wakaanza kufagia pamoja kila Jumapili asubuhi, wakaweka na mtungi wa maji kwa wapita njia. Tangu hapo pamekuwa safi, na kibao tumekiondoa.

Nawatakia nyote, wa ndani na wa nje ya ukuta, maadhimisho yenye heri. Om Shanti.