Koitalel arap Samoei na Reli Iliyopita Mlangoni Petu

Wenzetu wa nyumbani, mkutano mkuu wa mwaka jana uliamua kwamba kijitabu cha harambee ya mwaka huu kiwe na habari za stesheni zetu za zamani, kuanzia Fort Ternan, kushuka Koru na Muhoroni, hadi Kibigori. Kamati ndogo ikateuliwa, nami nikatiwa humo kwa kuwa nilisomeshwa kwa mshahara wa reli. Tulianza kama kila mtu anavyoanza. Tuliuliza nani alijenga, mwaka gani, tangi la maji lilisimama wapi, injini zililazwa banda gani. Majina yaliyokuja upesi yalikuwa ya mainjinia Waingereza na ya kampuni ya Kimarekani iliyoleta madaraja ya chuma. Ndipo mzee mmoja wa upande wa Tinderet akatuuliza mbona katika karatasi zetu zote hatujamtaja mtu aliyeinyima reli hii usingizi. Alikuwa anamsema Koitalel. Hatukuwa na la kumjibu, na kwa hiyo kurasa hizi tumempa yeye.

Koitalel alizaliwa karibu mwaka 1860, mwana wa Kimnyole arap Turukat wa ukoo wa Talai. Kimnyole alikuwa Orkoiyot wa Wanandi. Tusichanganye cheo hicho na uchifu, maana machifu waliletwa na Serikali baadaye. Orkoiyot alikuwa mtu wa kuombwa baraka kabla ya vita, kabla ya kupanda na kabla ya tohara, na vijana hawakutoka kwenda vitani bila idhini yake. Ilikuwa heshima kubwa na mzigo mkubwa, kwa sababu mambo yakiharibika yeye ndiye aliyeulizwa. Ng'ombe walikufa kwa maradhi, mvua ikakosa, na vijana wengi waliotumwa vitani hawakurudi. Mwaka 1890 Wanandi wenyewe wakamuua Kimnyole kwa rungu.

Kila mtoto wa kwetu, awe wa mlimani au wa bondeni, amesikia kwamba kabla ya kufa Kimnyole alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma, atokaye upande wa bahari akipumua moto na moshi, aje kukata kiu yake katika ziwa la magharibi. Kila mzee anaisimulia kwa namna yake. Ninachojua ni kwamba Koitalel alikua akiibeba kauli hiyo kama wasia wa baba.

Baada ya kifo hicho kulikuwa na mvutano wa urithi kati yake na ndugu yake Kipchomber arap Koilegen. Kufikia mwaka 1895 Koitalel alikuwa ameshinda, na Kipchomber akahamia kwa Wakipsigis, akawa Orkoiyot huko. Mwaka huohuo mfanyabiashara Mwingereza, Peter West, aliuawa katika nchi ya Wanandi, na Serikali ikatuma kikosi cha kwanza cha kuwaadhibu. Vikosi vingine vikafuata mwaka 1897, 1900, 1903 na 1905. Vita hivyo vilidumu zaidi ya miaka kumi, na katika nchi iitwayo Kenya leo ni vichache vilivyowachosha Waingereza kiasi hicho.

Wakati huo reli inakuja. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikagusa ziwa mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Kipande chetu kilikuwa kigumu kuliko vingi. Kutoka Mau Summit, zaidi ya futi 8,000 juu ya bahari, treni inateremka hadi ziwani chini ya futi 4,000, na katika mteremko huo ilibidi yawekwe madaraja 27 ya chuma. Injini za siku zile zilikula kuni na kunywa maji, na ndiyo sababu stesheni zilihitaji matangi na malundo ya kuni. Ukiona msingi wa mawe wa mviringo karibu na reli ya zamani, usiuvunje upate kokoto. Kwanza mwite mtu wa kamati.

Sasa niseme kidogo juu ya chuma, kwa maana hapo ndipo penye kisa. Pau mbili za reli huungwa kwa mabamba ya chuma na boliti. Boliti zikitoka, kiungo hulegea na treni inaweza kuanguka. Pembeni ya njia ulipita waya wa simu, na kwa waya huo stesheni moja iliijulisha nyingine kwamba njia ni wazi. Waya ukikatwa, stesheni masta hana habari ya kinachokuja, na treni haina budi kusimama. Vijana wa Kinandi walichukua vyote viwili. Boliti zilifuliwa zikawa silaha, na waya ukawa mapambo ya shingoni na mikononi. Vitabu vya Serikali viliita wizi. Mimi naona neno hilo halitoshi. Mafundi wa Kinandi walijua thamani ya chuma kabla mzungu hajafika, na hiki kilikuwa kimelazwa juu ya malisho yao bila mtu kuwauliza. Isitoshe, walijua kabisa kwamba boliti ikitoka nyoka anavunjika mgongo.

Serikali ilikuwa imetumia zaidi ya pauni milioni 5 kwa njia ile, na walowezi walikuwa wanangoja mashamba kandokando yake. Mwaka 1905 ikaandaa kikosi kikubwa kuliko vyote. Kabla kikosi hakijaanza kazi, afisa kijana aitwaye Richard Meinertzhagen alipeleka ujumbe kwamba anataka kukutana na Koitalel wazungumze amani. Walikubaliana kila upande uje na watu wachache tu. Walikutana tarehe 19 Oktoba 1905, mahali palipo katika Nandi Hills ya leo. Meinertzhagen aliweka askari wenye bunduki karibu. Koitalel alipigwa risasi akafa hapohapo, pamoja na watu zaidi ya 20 aliokuja nao.

Afisa huyo alidai kwamba ni yeye aliyetegwa. Mabaraza matatu ya uchunguzi hayakumtia hatiani, lakini mwaka 1906 aliondolewa nchini. Miaka mingi baada ya kufa kwake, wataalamu wa ndege waligundua kwamba ndege wakavu wengi alioviachia vyumba vya makumbusho walikuwa wa kuibwa na kuandikiwa vibandiko vya uongo. Mtu aliyedanganya habari za ndege, nasi tusimwamini peke yake katika habari za kifo cha mtu.

Bila Orkoiyot wao, Wanandi hawakuweza kusimama. Mamia waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu ya ng'ombe yakatekwa. Kisha watu wa Kamelilo na Kapchepkendi, waliokuwa karibu na njia ya treni, wakahamishwa kwenda kaskazini ili reli ipumzike. Baadhi ya ardhi waliyoachishwa ikawa mashamba ya walowezi. Wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wakalenjin, babu zetu walifika katika mashamba hayo na katika landhi za reli kutafuta kibarua. Nalisema hili kwa uangalifu, maana najua mahali petu maneno ya ardhi huwaka haraka. Lakini huwezi kuandika historia ya stesheni ukaanzia siku ya kukata tiketi ya kwanza.

Ukoo wake haukuachwa. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiliwa hadi mwaka 1964, Kenya ikiwa huru tayari. Mwaka 1934 Serikali iliwahamisha Watalai hadi Gwassi, karibu na ziwa. Fimbo za Koitalel zilizochukuliwa siku ile ya kifo zilikaa Uingereza miaka 100, kisha mwaka 2006 mwana wa Meinertzhagen akazirudisha. Nandi Hills sasa pana makumbusho yenye jina la Koitalel. Wasioyajua wapande siku moja, si mbali.

Kamati yetu inaendelea na kazi. Fedha zitakazochangwa mwaka huu, baada ya karo za wanafunzi kutengwa, zitasaidia kupata chumba kimoja cha kuhifadhi kumbukumbu za reli ya kwetu, na ukuta wa kwanza ndani yake utakuwa wa Koitalel. Tunaomba picha za zamani, taa za ishara, stakabadhi za mishahara, tiketi za kadi ngumu, na majina ya wazee waliofanya kazi kama pointimani, mafaya au vibarua wa njia. Na kama kuna nyumba yenye boliti kongwe au kipande cha waya kilichopokezwa kutoka kwa bibi au babu, kileteni pia siku ya harambee. Mweka hazina ataandika jina la mwenyewe, na hakuna atakayeulizwa kilipatikanaje.