Tippu Tip na Kalamu Yake
Kwetu Rumonge, nikisoma historia ya Ziwa Tanganyika namkuta Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837, akafanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa hadi Kongo, akafia Unguja mwaka 1905.

Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kilatini, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni hazina ya lugha yetu.

Lakini msomaji wa hadithi kwanza huuliza: mpokezi ni nani? Huyu alikuwa tajiri wa misafara, na mshirika wake Rumaliza wa Ujiji aliushambulia mwambao wetu. Waliotekwa hawakuacha daftari. Likizo hii tukae na wazee, tuandike waliyopokea.