Ragnar Holm: mwanasayansi aliyechunguza vyuma vinapogusana

Msikilizaji wetu wa Buigiri na kwingineko, ukichomoa laini ya simu utaona kibati cha rangi ya dhahabu. Ni dhahabu kweli, ila ni utando mwembamba mno kuliko unywele. Leo tunamkumbuka mtu aliyetufafanulia jinsi vyuma vya namna hiyo vinavyopitisha umeme na jinsi vinavyolika.

Ragnar Holm alizaliwa Uswidi mwaka 1879. Kwa miaka mingi alifanya kazi Ujerumani, katika kampuni ya Siemens mjini Berlin. Alionesha kuwa vyuma viwili vikigusana, hata vikionekana tambarare, hukutana kwenye vinundu vichache tu, na umeme wote hupita hapo. Vikisuguana, hulika. Mgandamizo ukizidi na msuguano ukiendelea, hulika zaidi. Chuma kigumu hulika polepole.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alihamia Marekani, akaendelea na utafiti pamoja na mkewe, Else, aliyeshirikiana naye hata katika uandishi. Alifariki mwaka 1970. Mkutano wa wataalamu ulioanza mwaka 1953 una jina lake hadi leo.

Yanatuhusu nini haya? Dhahabu haishiki kutu, lakini si ngumu. Vumbi likiingia na simu ikagoma kusoma laini, wapo wanaokwangua kwa wembe au msasa. Hapo dhahabu inaondoka, shaba ya chini inachakaa, na simu inagoma zaidi. Zima simu, futa kibati kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha rudisha taratibu.