Baba wa Sherlock Holmes

Askari waliopata kusoma visa vya Bwana Msa, kazi ya marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, watakubaliana nasi kwamba mpelelezi huyo ana babu yake Ulaya. Babu huyo ni Sherlock Holmes, na aliyemtunga ni Arthur Conan Doyle, daktari aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1859.

Hadithi fupi za Holmes zilianza kutoka katika jarida la Strand mwaka 1891. Polisi akizisoma kwa makini hukuta jambo la kumtatiza. Holmes anamwachia huru mwizi wa kito cha thamani kwa sababu amelia na kutetemeka mbele yake. Katika kisa kingine anavunja nyumba ya tajiri anayewatoza wanawake fedha kwa kuwatishia kufichua siri zao. Mwanamke mmoja anampiga risasi tajiri huyo, Holmes akishuhudia, na kesho yake polisi wanapomwomba msaada anakataa. Hapo shujaa ni nani, na mhalifu ni nani?

Ajabu ni kwamba shemeji yake, E. W. Hornung, alipotunga visa vya Raffles, muungwana aliyeiba usiku, Doyle alimlaumu kwa kumtukuza mhalifu. Kwa baba wa Holmes, tunaiona lawama hiyo kuwa nzito kidogo.

Maisha yake mwenyewe nayo yalikuwa na pande mbili. Mwaka 1902 alilitetea jeshi la Uingereza, lililokuwa limechoma mashamba ya Makaburu na kuwafungia wanawake na watoto katika kambi ambamo maelfu walikufa. Mwaka 1909 kalamu ile ile iliyaanika maovu ya Mfalme Leopold katika Kongo. Sisi tulioko Gumbo hatuwezi kulipita hilo kimya, kwani Rejaf, jirani yetu, ilitwaliwa na majeshi ya Leopold kutoka kwa wafuasi wa Mahdi mwaka 1897, na nchi ya Lado, ng'ambo ya magharibi ya mto, ilikuwa chini yake hadi alipofariki mwaka 1909. Mfalme huyo alikuwa amejitangaza kuwa mkombozi wa watumwa.

Lakini jambo linalowahusu zaidi polisi ni kesi ya Oscar Slater. Mwaka 1908 bibi kizee aliuawa Glasgow. Slater, mhamiaji kutoka Ujerumani na mcheza kamari mwenye sifa mbaya, alihukumiwa kunyongwa mwaka 1909, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Mashahidi walikuwa wameonyeshwa picha yake kabla ya kumtambua. Doyle hakumpenda mtu huyo hata kidogo. Hata hivyo alimpigania tangu mwaka 1912. Afisa mpelelezi wa Glasgow, Luteni John Trench, naye alitoa nje habari zilizofichwa na wakubwa wake, akafukuzwa kazi mwaka 1914.

Slater alitoka gerezani mwaka 1927, baada ya zaidi ya miaka 18, na hukumu ikafutwa mwaka 1928. Akalipwa pauni 6,000, akakataa kumrudishia Doyle gharama zake, wakaachana kwa hasira. Doyle alifariki tarehe 7 Julai 1930. Trench, aliyekwenda kuwa mwanajeshi baada ya kufukuzwa, alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1919, bila kurudishiwa kazi yake.