Faraday, damu na sumaku ya MRI

Mzazi, daktari akimwandikia mwanao kipimo cha MRI, huenda ukajiuliza: sumaku kubwa hivyo haitavuta madini ya chuma yaliyomo kwenye damu yake? Aliyelijibu swali hilo ni mtoto wa mhunzi wa Kiingereza, zaidi ya miaka 100 kabla ya mashine yenyewe kuwepo.

Michael Faraday alizaliwa pembezoni mwa London mwaka 1791. Kwao kulikuwa na dhiki, na shule alisoma kidogo tu. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, na vitabu alivyovijalidi alivisoma. Mwaka 1813 akaajiriwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution, ambako alifanya kazi karibu maisha yake yote.

Wengi wanamjua kwa ugunduzi wa mwaka 1831, kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa huzalisha umeme. Kwako wewe, mwaka muhimu ni 1845. Mwaka huo alitundika vitu kwa uzi mbele ya sumaku yake: kipande cha mti, cha tofaa, hata cha nyama ya ng'ombe. Badala ya kuvutwa, vilisukumwa kidogo mno. Akaona kwamba hata binadamu akitundikwa hapo mwili wake ungefanya vivyo hivyo, pamoja na damu. Chuma cha damu kimeungana na protini. Hakirukii sumaku kama msumari.

Faraday alifariki mwaka 1867. Leo mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3, na Ufaransa watafiti wamepiga picha za ubongo wa watu waliojitolea kwa tesla 11.7. Kwenye sumaku kali namna hiyo unaweza kuhisi kizunguzungu, kwa kuwa majimaji ya sikio la ndani husukumwa. Huisha ukishatoka.

Kinachoua ni kingine. Mwaka 2001, katika hospitali moja Marekani, mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani ulivutwa na sumaku ukamuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine. Basi kabla ya mlango kufunguliwa, vua saa, pini na hereni, zako na za mtoto. Mwambie mhudumu kama kuna betri ya moyo, chuma kilichofungwa mfupani au kipande kilichowahi kuingia jichoni, hata kama ni cha miaka mingi.